Namba ya Saa Tisa

Vadu Nou, ng'ambo ya mto Danubi
6 Machi 2006

Rumena mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na dakika moja ya simu ya kuvuka mpaka inakula nusu kilo ya nyama. Gancho wa kivuko hatozi kitu kubeba barua, mpe sigara mbili tu. Basi kaa, soma mpaka mwisho, kisha ndipo ukasirike.

Kampuni imekubali. Meneja wetu, Bwana Cozma, anakutaka uwe msimamizi wa maji na meli katika bandari yetu ya ngano kuanzia tarehe mosi Mei. Mshahara, kwa pesa yenu, ni leva 1,150 kwa mwezi. Serikali inakupa 310. Nimekugawanyia: mara tatu nukta saba. Yaani mwaka mmoja kwetu ni sawa na miaka mitatu na miezi minane ya kuitumikia serikali.

Najua utanitajia pensheni. Mimi niliipa serikali miaka kumi na sita kwenye meli zake. Ilipoziuza ikanipa cheti na saa ya ukutani, na saa yenyewe haikumaliza mwaka. Vyote nilivyo navyo nilivipata baada ya kutoka, na nilianza na jozi moja ya buti na mizani ya kukodi. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Wewe una miaka kumi na tisa ya kushuka ngazi kila asubuhi saa moja, kusoma namba kwenye ubao uliosimikwa majini. Mto haumpandishi mtu cheo.

Mbusu Mama. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Kaka yako,
Svilen


Dolni Brod
11 Machi 2006

Kaka Svilen,

Ijumaa imepita na bado tuko hai.

Hesabu yako ni sahihi. Shuleni ulikuwa ukininakili mimi mdogo wako, kwa hiyo nafurahi kuona umejitegemea.

Kwenye cheo umenigusa kidonda bila kujua. Sikutaka kukuambia. Nafasi ya mkuu wa kituo ilitangazwa Januari, nikaomba kwa mara ya tatu, ikaenda kwa mpwa wa mtu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Bi Kasabova, ukingo wa kulia ndio upi?" Amesimama juu yake. Anakuja Jumanne na Alhamisi, siku nyingine anaishi mjini kwao.

Kwa hiyo usidhani sitamani. Natamani mpaka naona haya.

Lakini jana nilishusha daftari la kwanza kutoka rafuni, la mwaka 1908. Wasomaji tisa mpaka kunifikia mimi, kila mmoja na mwandiko wake. Mmoja alikuwa akikata saba zake katikati kama anayezichinja. Mwaka wa mabomu kuna siku wino umeruka ukurasa mzima, ila namba ipo, imeandikwa upya pembeni, na chini yake: "Samahani kwa uchafu." Nimehesabu. Ni asubuhi elfu thelathini na tano na ushei, na hakuna hata moja iliyorukwa. Nilikaa nimelishika kama mtoto wa mtu, nikashindwa kulirudisha mahali pake.

Halafu saa tisa alasiri Mama akafungua redio. Unamjua, ananyamazisha watu wote na paka pia. Wanasoma kina cha mto kituo kwa kituo: Lom, Oryahovo, kisha sisi. Iliposomwa namba yetu akasema kama kila siku, "Huyo ni Rumena anaongea."

Nipe muda.

Mdogo wako,
Rumena


Vadu Nou
15 Machi 2006

Bi Serikali,

Redio usinitajie. Miaka ile ya meli, tukiwa Regensburg kule Ujerumani na theluji magotini, mpishi wetu alikuwa akiisaka stesheni ya nyumbani nusu saa nzima. Namba ya Dolni Brod ikisomwa, wenzangu walisikia kina cha maji. Mimi nilisikia kwamba umeamka, umevaa buti, umeshuka ngazi na hukuteleza. Sijawahi kukuambia. Sasa nimekuambia, na bado namba hiyo hailipi bili ya umeme.

Kuhusu yule mpwa wa mtu, nilipomsomea Gancho nilicheka mpaka machozi. Kisha nikakasirika. Wewe uliyesoma shule ya ufundi jioni huku mchana ukiosha vyombo kantini!

Njoo Jumamosi ya tarehe mosi Aprili ujionee. Jukwaa letu jipya la zege lina tani 5,300 za ngano. Tumelijenga kwa namba yako, ile uliyotuandikia mwaka juzi kwa mhuri: maji makubwa kuliko yote katika madaftari yako, sentimita 912. Tukaongeza sentimita thelathini za usalama. Ubao wako ukisoma 942 ndipo ngano itaguswa, na mto haujawahi kufika huko tangu uandikwe. Hiyo ndiyo kazi yako, Rumena, imesimama, ina watu na malori juu yake. Si daftari rafuni.

Svilen


Dolni Brod
2 Aprili 2006

Svilen Kasabov,

Leo hakuna kaka.

Naingia ofisini kwenu jana, mwanamke wa mapokezi ananikumbatia: "Karibu sana, Bi Rumena, chokoleti zako zilikuwa tamu!" Mhasibu ananipa mkono: "Hongera kwa kazi!" Mlinzi wa getini ndiye anayenieleza kwamba uligawa maboksi mawili kwa jina langu tangu wiki ya kwanza ya Machi. Kwetu nani anagawa chokoleti kabla jambo halijatimia? Hata mwenye mtoto husubiri mtoto alie. Kwa hiyo barua zote zile za "njoo ujionee" uliniandikia ukiwa umeshaniuza.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Barua ya kuacha kazi niliipeleka Ijumaa, siku moja kabla ya kuja. Nilivuka mto ili nikuambie kwa mdomo wangu, nione uso wako. Umeninyima hata hilo.

Basi imetoka. Notisi yangu inaisha tarehe 30 Aprili. Nafasi haitajazwa, wameleta mashine ya kusoma maji yenyewe, wameifunga kwa boliti kwenye gati.

Gancho naye hana kifua, ameshamwambia Mama. Leo asubuhi natoka na buti zangu, nakuta Mama kizingitini na jagi, ananimwagia maji mbele ya miguu kama anavyomwagiwa anayeanza kazi mpya, ili mambo yamwendee kama maji.

"Mama, naenda kusoma namba tu."

"Si unatoka? Basi nenda."

Namba yenyewe ni 702. Huko juu theluji inayeyuka yote kwa pamoja.

Rumena


Vadu Nou
8 Aprili 2006

Rumena,

Nisamehe. Nilidhani nikigawa mapema nitakusukuma. Mimi ndivyo nilivyopata kila kitu, kwanza nasema ninacho, kisha nakimbia kukitafuta.

Naona mto unapanda. Mama alimwaga jagi moja, milima inaleta salio.

Bwana Cozma anakusalimu. Anauliza, kwa kuwa sasa wewe ni mtu wetu, kama unaweza kutupigia namba saa moja asubuhi, tusingoje ya redio. Wenye matishari wote wanangoja saa tisa. Anayejua mapema anakodi mapema. Ni jambo dogo.

Kaka yako (kama nimerudishwa kazini),
Svilen


Dolni Brod
12 Aprili 2006

Kaka,

Umerudishwa. Sasa acha unachofanya, soma hii mara mbili.

Kwenye ukuta wa jukwaa lenu kuna kipande cha shaba kilichochongwa urefu wake kutoka usawa wa bahari. Siku ile nilinakili, kwa mazoea tu, wakati umeenda kuniletea kahawa. Jana usiku nikaitoa karatasi mfukoni, nikailinganisha na vitabu vyetu. Nilirudia hesabu mara nne.

Ukisema kitu kina urefu fulani, lazima useme unahesabu kutoka wapi. Sisi huku tunahesabu kuanzia Bahari ya Baltiki, kwa kuwa ndivyo tulivyopangiwa zamani. Ninyi huko mnahesabu kuanzia Bahari Nyeusi. Maji ni yale yale, Gancho anayavuka kwa dakika kumi na mbili, ila kila ukingo umesimama juu ya bahari yake. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa na jana ndiyo mara ya kwanza nywele zilinisimama.

Kwa hapa petu sifuri yenu iko chini ya sifuri yetu kwa sentimita 38. Ile 912 niliwapa ikiwa imegeuzwa kuwa urefu kutoka Baltiki. Iliandikwa hivyo, kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Mafundi wenu hawakuisoma, nami sikuwaonya. Wameipima kutoka sifuri yenu. Kwa hiyo jukwaa liko chini kwa sentimita 38 kuliko mnavyoamini.

Ngano yenu haitaguswa kwa 942. Itaguswa kwa 904.

Leo ubao unasoma 838, na mto unapanda kumi na tatu, kumi na nne kwa siku. Unajua kugawanya. Ni Jumatatu tarehe 17, asubuhi.

Itoe ngano.

Rumena


Vadu Nou
13 Aprili 2006

Rumena,

Nimempelekea Cozma. Akawaita mafundi. Fundi mkuu akacheka: "Bahari ni bahari, Bwana Kasabov. Zote zina chumvi." Tani 5,300 kwa malori ya tani ishirini na tano ni safari 212, na malori wakati wa mafuriko bei yake ni mara mbili. Cozma akasema atakayesaini atalipa yeye ikiwa maji hayakuja.

Mimi si mjinga, ila nilijenga maisha haya kwa mikono yangu na sina mengine ya akiba. Niambie kweli. Umehakikisha? Au unanilipizia chokoleti?

Gancho anasema leo ndiyo safari yake ya mwisho, gati limeshaanza kuzama, na simu za kuvuka mpaka zimekatika tangu juzi. Jibu lako halitavuka. Saa tisa nitafungua redio kama zamani.

Svilen


Vadu Nou
24 Aprili 2006
kwa mkono wa walinzi wa mpaka, wenye boti

Rumena mdogo wangu,

Kristo amefufuka. Pasaka tumeila jana juu ya magunia.

Tarehe 13 redio ilisema Dolni Brod, 851. Tarehe 14 ikasema 865. Kumi na tatu, kumi na nne, kama ulivyoandika. Nilisikia sauti ya mtangazaji lakini aliyeongea ni wewe, na ulikuwa unanijibu: nimehakikisha. Nikatoka nje nikasaini malori yote kwa jina langu. Lori la 212 liliondoka Jumapili jua likizama.

Jumatatu asubuhi Cozma alikuja na karatasi ya kunifukuza. Jukwaa jeupe, tupu, kavu. Akaniambia, "Haya, Kasabov, iko wapi bahari yako?" Nikamwambia tungoje. Tukasimama wawili, kama watu wanaongoja basi. Sijui ilikuwa saa ngapi, labda saa moja, labda na dakika chache. Nilitegemea kishindo. Hakukuwa na kishindo. Ukingo wa zege ulikuwa mkavu, halafu ukang'aa. Kitu chembamba kama ukurasa kikalala juu ya jukwaa, kikaja polepole mpaka kwenye viatu vya Cozma, kikavizunguka, kikaendelea na safari. Mto mzima ulikuwa nyuma yake, upana usioonekana mwisho, na miti imesimama ndani yake, na haukuwa na haraka yoyote.

Cozma akavua kofia.

Saa tisa redio ikasoma: Dolni Brod, mia tisa na nne.

Nilikaa chini, Rumena. Kwenye maji. Suruali ya kazi nzima ikalowa. Nimebeba mizigo ya watu miaka thelathini na mbili, nimepima kila kitu kinachopimika, na sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukaa na penseli chumbani akausogeza mto mzima mpaka mahali pake, kwa siku na kwa asubuhi yake.

Karatasi ya kunifukuza aliikunja akaiweka mfukoni. Kisha akasema mshahara wako sasa ni 1,600. Nimegawanya: mara tano nukta moja sita. Nimekuwekea meza dirishani, upande wa mto.

Uko salama? Mama je?

Svilen


Dolni Brod
27 Aprili 2006

Kaka,

Hakika amefufuka. Yai jekundu ni la Mama, alilipaka rangi darini kwa kuwa jiko la uani lilikuwa na maji. Likifika limepasuka, usiwagombeze walinzi, walisafiri nalo mfukoni.

Tuko salama. Mto ulikuja mpaka kizingitini, ukaishia hapo. Mama alitoka akautazama, akauambia, "Mimi nilimwaga jagi tu, baba. Inatosha."

Ile mashine ya kusoma maji yenyewe iliondoka tarehe 16 pamoja na gati, na boliti zake. Mkuu wa kituo alipiga simu kuuliza kama imeandikiwa hati ya kupotea. Nikabaki mimi na ubao wa akiba nilioupigilia kwenye mti mkubwa nyuma ya kituo. Ule mti una miiba, mikono yangu utadhani nimepigana na paka. Nilikuwa nasoma nikiwa kwenye mtumbwi uliofungwa hapo hapo.

Tarehe 19 asubuhi ilipita 912. Nilijua itapita, ila nilipofungua daftari nilishindwa kuandika. Watu tisa kabla yangu, miaka tisini na minane, na hakuna aliyeona nilichokuwa naona. Nilitaka kumwita mtu aje ashuhudie na hapakuwa na mtu ila kambare wawili waliokuwa wakizunguka kwenye bustani ya kituo, kwenye vitunguu vyangu. Jumatatu ilifika kileleni: 927. Niliiandika kwa mwandiko wangu mbaya. Watakaokuja wataona tu kwamba hawa wa wakati ule walikuwa na mtu hapo.

Sasa nisikilize. Simu zimerudi, na Bwana Cozma amenipigia mwenyewe, kwa adabu sana. Mkataba anao tayari. Kifungu cha sita kinasema namba zangu zote ni mali ya kampuni. Nikamuuliza, na redio? Akasema, "Redio ina watu wake, Bi Rumena." Sina ugomvi naye, ni mfanyabiashara, ananunua kilicho kizuri. Lakini tarehe 14, kaka, wewe ulisikia namba yangu bila kumlipa mtu. Aliisikia na bibi mmoja wa kule bondeni akatoa mbuzi wake. Waliisikia upande wenu na upande wetu.

Kisha naangalia buti zangu zinazovuja, na 310, na mpwa wa mtu, na miaka niliyobakiwa nayo, na kusema kweli mkono unaelekea kwenye kalamu. Usidhani mimi ni mtakatifu. Nimeandika hesabu mbili kwenye karatasi moja, na kila nikijumlisha inashinda nyingine.

Mkurugenzi wetu amepiga simu pia. "Kasabova, barua yako iko mezani kwangu, haijasainiwa. Wiki mbili hizi sikuwa na mkono wa kusaini chochote. Niambie kabla ya tarehe 30 kwisha." Nafasi haijazwi, mashine imekwenda baharini. Nikiondoka, tarehe mosi watatusoma hivi: "Dolni Brod, hakuna taarifa."

Boti ya walinzi hairudi tena wiki hii. Kwa hiyo sikuandikii uamuzi, sijaufanya. Utausikia.

Mdogo wako,
Rumena


Vadu Nou
1 Mei 2006

Rumena,

Barua hii nitampa Gancho siku atakapopata gati.

Leo ni sikukuu, ofisi imefungwa, ila watu wamekuja wenyewe kufagia tope. Meza yako niliipangusa tangu asubuhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa matokeo yote mawili. Wakisema hakuna taarifa, nitakodi mtumbwi nije nikubebe na Mama na paka. Hiyo ndiyo niliyoitaka, nisikudanganye. Nimeitaka tangu Machi, na saa tisa kasoro robo bado nilikuwa naitaka.

Nikaiweka redio kwenye meza yako, dirishani. Cozma naye akaja akasimama mlangoni na ufagio wake, akajifanya hasikilizi.

Wakasoma Lom. Wakasoma Oryahovo. Kisha mtangazaji akanyamaza. Labda alikohoa, labda aligeuza karatasi. Mwanamke wa mapokezi alikuwa ameshika ndoo, akaacha kuitikisa. Mimi mkono wangu ulikuwa juu ya redio, na nikagundua kwamba moyoni nasema, soma, soma, soma, na sikuwa nasema hivyo kwa ajili ya meza.

"Dolni Brod. Mia nane tisini na moja. Imepungua sita."

Umeamka. Umevaa buti zinazovuja. Umekwenda mpaka kwenye ule mti wa miiba, na hukuteleza.

Cozma alichomoa mkataba mfukoni, akautazama, akaurudisha. Akauliza ile tofauti ya bahari mbili ni ngapi hasa, maana anataka ichongwe ukutani, karibu na shaba. Nikamwambia thelathini na nane, na kwamba hiyo ni taarifa ya umma.

Kisha nikajaza jagi, nikaenda mlangoni nikamwaga maji kizingitini, kuelekea upande wenu. Mwanamke wa mapokezi akapiga kelele, "Bwana Kasabov, tumefagia sasa hivi!"

Kwenye droo nilikuwa nimebakiza boksi moja la chokoleti. Nikapita nalo meza kwa meza. Mhasibu akachukua mbili, akauliza, "Hizi nazo za nini tena?"

Nikamwambia, "Dada yangu amepata kazi."

"Ipi?"

"Ile ile."

Kaka yako,
Svilen